Moduli moja, ifunguke Linux, Windows na Mac

Programu yangu ya duka nimeiandika kwa C. Kila aina ya printa ya risiti ina moduli yake, na programu huipakia ikiwa tayari inaendelea na kazi. Kwenye Linux sikupata shida: swichi za `-fPIC -shared` wakati wa kuijenga, kisha `dlopen` ya kuipakia na `dlsym` ya kutafuta fanksheni ndani yake kwa jina. Nilipoihamishia Windows, linka (chombo kinachounganisha vipande vya programu) iligoma: `undefined reference to andika_logi`.

Hiyo `andika_logi` ni fanksheni ya programu mama, yaani ile ya duka inayopakia moduli. Linux huiacha moduli ibaki na jina linaloning'inia, litafutwe wakati wa kupakia, mradi programu mama imejengwa kwa `-rdynamic`, swichi inayoyaweka wazi majina yake. DLL, yaani moduli ya Windows, haikubali hivyo. Asili ya kila jina lazima ijulikane wakati wa kuunganisha. Mac nayo hukataa mpaka uiambie `-undefined dynamic_lookup`. Nilihangaika wiki nzima na swichi za kompaila, kumbe tatizo lilikuwa mpango wenyewe.

Kwa hiyo nakusihi: moduli yako isiite chochote cha programu mama kwa jina. Itoe fanksheni moja tu, tuseme `moduli_anza`, na programu mama iikabidhi struct (kifurushi cha data) yenye pointa, yaani anwani, za fanksheni zote inazoruhusiwa kuita. Mwanzoni mwa struct weka namba ya toleo, ili moduli ya zamani ikikutana na programu mpya ijue mapema na kukataa. Baada ya hapo tofauti za mifumo huingia katika faili moja dogo: `dlopen` na `dlsym` kwa Linux na Mac, `LoadLibrary` na `GetProcAddress` kwa Windows. Windows itataka pia `__declspec(dllexport)` ili fanksheni ionekane nje ya DLL, na ukiandika kwa C++ usisahau `extern "C"`, maana kompaila italigeuza jina na hutalipata tena.

Mpango huu una faida nyingine niliyoigundua kwa uchungu. Nilikuwa nikipakia kwa `RTLD_LAZY`, ambayo hutafuta fanksheni pale tu inapoitwa. Siku moja moduli ilifunguka vizuri, mteja yuko kaunta anasubiri risiti, programu ikazimika: `undefined symbol: kata_karatasi`. Nilikuwa nimesahau kuunganisha faili moja. Tangu siku hiyo natumia `RTLD_NOW`, inayotafuta zote wakati wa kupakia, na kwa kuwa hakuna tena jina la kuning'inia, moduli naiunganisha kwa `-Wl,--no-undefined`, inayokataa jina lolote lisilopatikana. Linux sasa inanikatalia mezani kwangu, kama Windows.

Kumbukumbu nayo: aliyeitenga ndiye aiachilie. DLL na programu mama zinaweza kuwa zimeunganishwa na maktaba tofauti za C, na `free` (ya kuachilia) ya huku haiijui `malloc` (ya kutenga) ya kule. Moduli itoe fanksheni yake ya kufuta.

Na andika kosa lote kwenye logi: `dlerror` au `GetLastError`. Windows ikikupa kosa namba 126 (moduli haikupatikana) ilhali DLL unaiona kwenye folda, usiikompaili upya. Tafuta DLL nyingine ambayo hiyo yako inaitegemea. Mara nyingi ndiyo iliyokosekana.