Kabla hujakinyoa kilima, hesabu majani yake

Baba mdogo si mtu wa maneno mengi. Siku alipopanda kilima chetu kule Kabare, karibu na mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kuona nilichokifanya, alisimama akanitazama, akasema: "Mwanangu, kilima umekinyoa." Kisha akaomba jembe.

Hicho kilima tuliachiwa na marehemu baba, karibu nusu hekta ya mteremko, na tangu nikiwa mtoto kilikuwa malisho. Kulikuwa na nyasi fupi zinazotambaa, nyasi ndefu za mashada, mimea yenye maua ya njano, vikunde vidogo vinavyojificha chini ya majani, na mmea wenye mzizi mrefu ambao bibi alikuwa akiuchimba kutengeneza dawa ya tumbo. Nilipoanza kufuga ng'ombe wawili niliyaona yote hayo kuwa pori tu. Nikalima kilima kizima, nikapanda matete peke yake, yale majani marefu ya tembo ya kulishia ng'ombe, kuanzia juu hadi chini. Msimu wa kwanza yalinipita kimo, na wa pili nao haukuwa mbaya. Kufikia mwaka wa nne majani yalikuwa ya njano, mashina yamebaki mafungu mafungu, katikati udongo mtupu. Mvua ya Novemba ikinyesha, maji yalishuka mekundu hadi kwenye maharagwe ya jirani wa chini. Mama huyo alinijia mara mbili kulalamika, na alikuwa na haki.

Baba mdogo alichimba mahali pawili. Kwanza katikati ya matete yangu, kisha pembeni mwa ua, ambako ukanda mwembamba wa malisho ya zamani ulikuwa umesalia kwa sababu jembe halikuweza kupita. Bonge la kwanza lilitoka kama kipande cha tofali, na alipolipiga kwa mpini lilipasuka vipande vyenye pembe kali. La pili lilikuwa jeusi. Alilifungua kwa vidole tu, likavunjika chembe chembe kama makombo ya mkate, mizizi myembamba imelishona kila upande, na nyungunyungu watatu wakatoka humo humo. Umbali kati ya shimo na shimo haukufika hatua 10. Kilima ni kile kile na mvua ni ile ile.

Tangu siku hiyo nimesoma na kujaribu mengi, na ninaandika kwa ajili ya wenzangu wa Bukavu wenye kipande cha malisho huko juu, iwe Kabare, Walungu au kwingine, hasa walio karibu kulima kila kitu ili wapande aina moja ya jani.

Huwa tunadhani udongo ndio unaolisha majani. Ni kweli, lakini majani nayo yanaulisha udongo, na kila aina ina namna yake. Nyasi zina mizizi mingi myembamba inayojazana juu, ikikamata udongo kama wavu. Mimea ya majani mapana mara nyingi ina mzizi mmoja unaoshuka chini sana, unaofungua njia ya maji na kuvuta juu madini ambayo nyasi haziyafikii. Jamii ya kunde inachukua nitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria walioko kwenye vinundu vya mizizi. Ng'oa mmea mmoja wa kunde taratibu, usikate mizizi, utaviona vinundu hivyo, vingine vidogo kuliko punje ya mtama. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani kama nyama, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, bado hakifanyi, au kimeshachoka.

Tena mizizi hai hutoa utomvu wenye sukari, na ndio chakula cha bakteria na kuvu wa udongoni. Utomvu wa mmea huu si sawa na wa mmea ule, kwa hiyo mimea ya aina nyingi hulisha viumbe wa aina nyingi. Viumbe hao wakifa hubaki kama mboji. Kuvu nao hutandaza nyuzi nyembamba zinazofunga chembe za udongo pamoja, na yale makombo ya mkate aliyonionyesha baba mdogo ni kazi yao na ya mizizi. Udongo wenye makombo una matundu, na kwenye matundu ndimo maji yanamoingia badala ya kukimbilia kwa jirani.

Mmea mmoja ukikaa peke yake mwaka baada ya mwaka, wadudu na magonjwa yake pia hujikusanya hapo. Kenya na Uganda wafugaji wameliona hilo kwa uchungu pale ugonjwa wa kudumaa ulipoingia kwenye matete yao. Anayetegemea jani moja hana pa kukimbilia siku hiyo.

Watafiti wamelipima jambo hili kwa miaka mingi, mbali na milima yetu. Karibu na mji wa Jena, Ujerumani, kando ya mto Saale, mwaka 2002 walianzisha viwanja 82 vya nyasi. Vingine walivipanda aina moja tu ya mmea, vingine 2, 4, 8, 16, na vichache aina 60. Kule Cedar Creek, Minnesota, Marekani, kwenye udongo wa kichanga usio na rutuba, jaribio kama hilo lilipandwa mwaka 1994. Baada ya miaka 12, udongo wa viwanja vyenye aina nyingi ulikuwa umejiwekea kaboni kwa asilimia 500 zaidi, na nitrojeni kwa asilimia 600 zaidi, ukilinganishwa na wastani wa viwanja vya aina moja. Kilichonigusa zaidi ni sababu yake: nguvu kubwa ilitoka pale nyasi zinazopenda joto zilipokaa pamoja na jamii ya kunde. Matete yangu yamo katika kundi hilo la nyasi. Kwa hiyo sikukosea kuyapanda, nilikosea kuyapanda bila mwenzake.

Na kwa wanaofikiri mfuko wa mbolea ya dukani utamaliza tatizo, kuna shamba la Rothamsted, Uingereza, ambako malisho yamekuwa yakikatwa na kupimwa tangu mwaka 1856. Vipande visivyotiwa mbolea vimebaki na aina 40 hivi za mimea. Vile vilivyotiwa salfeti ya amonia, mbolea ya dukani yenye nitrojeni, kwa wingi bila chokaa, udongo wake umekuwa wa tindikali kali na mimea imebaki aina 2 au 3. Udongo wetu wa Walungu na sehemu nyingi za Kabare tayari una tindikali. Mimi nisingethubutu.

Sasa niliyoyafanya. Matete sikuyang'oa yote. Niliyaacha katika mistari inayokingama mteremko, kwa sababu katika kuzuia udongo usishuke ni hodari. Kati ya mistari nilipanda desmodiamu ya majani mapana, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, kwa vipande vya shina nilivyoomba kwa mfugaji mmoja karibu na Mudaka. Kila kipande kina vifundo vitatu, viwili vinaingia ardhini. Desmodiamu inavumilia baridi ya milima na inavumilia kiasi tindikali, lakini inaanza polepole. Miezi mitatu ya kwanza lazima uipalilie, la sivyo nyasi zitaimeza. Wengi wameikatia tamaa hapo hapo.

Sehemu zilizobaki nilizirudishia malisho ya zamani. Kwenye ule ukanda wa uani nilikata mabonge ya majani na udongo wake, ukubwa wa sahani, nikayapandikiza hatua mbili mbili mwanzoni mwa mvua za Septemba. Mengine yalijileta yenyewe. Nikamwita baba mdogo, tukapita pamoja akinitajia kila mmea. Tulihesabu aina 17 mahali ambapo nilikuwa na moja.

Lakini si kila jani ni rafiki. Kangaga kubwa zinazotawala vilima vilivyochoka ni sumu kwa ng'ombe, na lantana yenye vimaua vya rangi mbili tatu pia ni sumu. Hizo niling'oa bila huruma, na ninaendelea kuzing'oa. Wala usikimbilie idadi tu. Aina 10 za nyasi zinazofanana hazitakupa kile ambacho nyasi mbili, kunde mbili na mimea miwili ya mzizi mrefu zitakupa. Anza na makundi tofauti, idadi itafuata.

Jambo jingine lililonigharimu: ukikata majani na kuyabeba kwenda zizini, umebeba pia chakula cha udongo. Mchanganyiko wa mimea unasaidia, kunde zinarudisha nitrojeni, lakini potasiamu na fosforasi haziji kutoka hewani. Samadi lazima ipande mlima kurudi. Kwangu inarudi kwa ndoo kila Jumamosi, na watoto wa dada yangu wananisaidia. Na usikate majani hadi udongo uonekane. Mimi huacha urefu wa kiganja, hata Julai wakati ng'ombe wanalia.

Ukitaka kujua udongo wako umefikia wapi, huhitaji maabara. Chukua kopo la maziwa ya unga, likate juu na chini, ligongelee ardhini kiasi cha vidole vitatu. Mimina nusu lita ya maji, uangalie saa. Katikati ya matete niliyoyapanda peke yake, nilisubiri zaidi ya dakika 20 na maji hayakuisha. Kwenye ukanda wa zamani yalizama kabla ya dakika 2. Kipimo cha pili: kausha mabonge mawili ya ukubwa wa nusu ya kidole gumba, moja la kila sehemu, yatumbukize taratibu katika glasi mbili za maji. La udongo uliochoka litayeyuka kuwa tope mbele ya macho yako. La udongo wenye mizizi mingi litakaa, hata ukienda kunywa chai ukarudi.

Narudia vipimo hivyo kila mwaka mwezi Mei, mahali pale pale, naandika kwenye daftari. Mwaka wa kwanza baada ya kubadilisha hakukuwa na tofauti yoyote, na nilikaribia kukata tamaa. Mwaka wa pili kidogo. Mwaka wa tatu kopo liliisha maji kwa dakika 9, na nyungunyungu wakaonekana katikati ya mteremko. Mizizi inahitaji kuota, kufa na kuoza mara kadhaa ndipo udongo ubadilike, na hakuna namna ya kuuharakisha. Ndiyo maana nasema hesabu kabla ya kulima: nilichokiondoa kwa wiki mbili za jembe, bado nakirudisha hadi leo.

Mama wa maharagwe ya chini alipita msimu uliopita mvua ikinyesha. Alisimama kwenye mfereji wake, akaangalia maji yanayotoka kwangu, machache na karibu meupe. Akaniomba vipande vya desmodiamu. Nilimkatia fungu zima, na kama mvua zitawahi mwaka huu tutaipanda pamoja upande wake, kuanzia kwenye mpaka.