Shughuli za Mei hadi Agosti Mwanza: wasomaji wanauliza

Maswali yaliyofika safari hii karibu yote ni ya wazazi: kuna nini mwezi ujao, tunafikaje, na watoto waje au wabaki nyumbani? Mimi naanza kujibu nikiwa na upande tayari. Shughuli ya jamii isiyo na nafasi ya mtoto na bibi yake bado haijaiva, na mwenye kuiandaa ajipange upya.

Mwangaluka. Kila mwaka nasikia habari za Bulabo ya Bujora ila sijawahi kwenda. Mwaka huu ni lini? Na wanangu wa miaka 6 na 9 wataambulia kitu? (Mama, Buswelu)

Mwangaluka mayu. Bulabo, sherehe ya mashindano ya ngoma za Wasukuma, inafuata kalenda ya Kanisa. Inakwenda na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo huhesabiwa kutoka Pasaka, ndiyo maana tarehe zake hazitulii. Mwaka huu wa 2026 Pasaka ilikuwa tarehe 5 Aprili, kwa hiyo sikukuu hiyo inaangukia Jumapili ya tarehe 7 Juni. Siku zenyewe za ngoma hutangazwa na kituo cha Bujora, basi ulizia kwao, au kwa mtu wako aliyeko Kisesa, kabla hujaahidi watoto.

Kufika si kazi. Toka Buswelu mpaka barabara kuu ya Musoma, panda daladala ya Kisesa, kisha bodaboda au miguu mpaka Bujora. Kutoka katikati ya jiji ni kama kilomita 20.

Wataambulia, na pengine zaidi yako. Ila uwaeleze kabla hamjatoka. Waambie kuna pande mbili, Bagika na Bagalu, na kwamba zamani walikuwepo waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, kila mmoja akitaka ionekane dawa yake ndiyo kali. Pande hizo hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, zikitazamana, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Kwa hiyo mtazamaji ndiye hakimu. Mwanao akitimua mbio kutoka upande huu kwenda ule kwa sababu kule kumenoga, ameshapiga kura. Sijui mchezo mwingine unaompa mtoto wa miaka 6 heshima ya namna hiyo, kwa hiyo usimshike mkono muda wote. Chagueni mahali pa kukutania, umwache aamue.

Bugobogobo wataipenda bila kuelezwa. Mchezaji analirusha jembe la mkono juu, linazunguka hewani, na linaporudi anadaka mpini huku miguu haijakosea hata pigo moja la ngoma. Wakifika Bayeye, wachezaji wa nyoka, na chatu wao, hapo angalia uso wa mtoto. Chatu anabebwa shingoni, ulimi unatoka na kuingia, kichwa kinanyooka kuelekea watu. Mwenye kutaka kusogea asogee, mwenye hofu akae mgongoni kwako, na mtu asimlazimishe kushika.

Nendeni asubuhi muanze na makumbusho. Kituo kilianzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na humo zimehifadhiwa ngoma za watemi wa Usukuma, tena katika jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Kama bibi yao yuko, mchukueni. Vyombo vingine yeye amevitumia, na atakayoeleza hayamo kwenye kibao chochote. Bebeni maji, kofia, khanga ya kukalia, na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga kwenye mfuko. Kaeni sehemu ya juu kidogo, maana mtoto akisimama katikati ya watu wazima ataona migongo tu.

Binti yangu wa darasa la tatu anauliza kwa nini kila Mei watu wanakwenda na maua kwenye yale makaburi ya Igoma. Nimpeleke mwaka huu au bado mdogo? (Baba, Igoma)

Mpeleke. Tarehe 21 Mei mwaka huu inatimia miaka 30 tangu MV Bukoba izame. Meli ilikuwa inatoka Bukoba kuja hapa Mwanza, imebeba watu kupita uwezo wake, ikapinduka asubuhi ile ya mwaka 1996 ikiwa imeshakaribia kufika. Walikufa mamia. Taifa liliomboleza siku tatu, na wengi wakazikwa pamoja hapo Igoma. Mtoto anayekulia jirani na makaburi hayo ana haki ya kujua ni ya nani.

Mwambie kwa maneno machache yaliyo kweli: watu walikuwa wengi mno ndani ya chombo, kikashindwa. Asipouliza zaidi usiongeze. Akiuliza kama waliogopa, mjibu ndiyo. Usimdanganye kwamba walilala tu, maana watoto huogopa kulala baada ya maneno hayo. Tarehe 21 ni Alhamisi, hivyo omba ruhusa kwa mwalimu wake mapema, au nendeni Jumamosi palipotulia. Simu ikae mfukoni. Kuna watu wanaokuja pale kusimama na ndugu zao, na picha zetu haziwahusu.

Lipo na la kubeba nyumbani. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere nacho kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nacho kikiwa kimezidisha abiria. Binti yako akikua akiwa na ujasiri wa kushuka kwenye mtumbwi uliojaa, hata nauli ikiwa imeshalipwa, utakuwa umemfundisha jambo la kuokoa maisha yake.

Majirani zetu Waislamu wametualika Idd el-Hajj. Sisi ni Wakristo. Twende na nini? (Mama, Nyakato)

Nendeni na watoto waliooga vizuri, matunda na soda. Nyama mwachieni mwenye kuchinja. Siku yenyewe inategemea mwandamo, inatarajiwa siku za mwisho za Mei, hivyo msubiri tangazo. Mkifika msikae dakika kumi mkaaga. Sahani ya pilau ya jirani huliwa kwa kukaa.

Mwanangu anatimiza miaka 10 Julai na anataka sherehe yake iwe Saanane. Inawezekana? Na baadaye wakaogelee ziwani? (Mama, Pasiansi)

La kwanza ndiyo, la pili hapana.

Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko hifadhi zote nchini, na imepewa jina la mzee aliyekuwa akiishi kisiwani humo. Kabla ya hapo ilikuwa bustani ya wanyama, tangu miaka ya 1960. Boti inatoka upande wa Capri Point na safari ni ya dakika chache. Pita ofisini kwao wiki moja kabla, uulize ada ya kundi la watoto na utaratibu wa malipo, maana hifadhini hulipi taslimu mlangoni kama unavyolipa stendi. Kila mtoto avae jaketi okozi kabla boti haijawashwa. Likiwa kubwa likamvuka kichwani, dai jingine, na msiondoke mpaka lipatikane.

Wataona swala pala, pimbi wametanda juu ya miamba wakiota jua, na tumbili wanaojua kufungua mfuko kuliko mtoto wako. Keki iache nyumbani muikate jioni. Kisiwani pelekeni chakula kikavu kilichofungwa, na takataka mrudi nazo. Muziki msibebe kabisa. Ni nyumbani kwa wanyama pale.

Kuhusu kuogelea: pembezoni mwa ziwa letu kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi mtoto akiwa amesimama tu kwenye maji ya magoti, bila jeraha wala maumivu. Watoto wetu hupewa dawa za kichocho shuleni, lakini dawa haizuii kuambukizwa tena kesho yake. Kama wanataka maji, tafuteni bwawa la kuogelea lenye mwangalizi.

Kamati ya harusi ya binti wa jirani imeniandikia ahadi ambayo sikuitaja. Sina kiasi hicho, na mume wangu yuko msimu mbaya wa dagaa. Nifanyeje bila kuvunja ujirani? (Dada, Igombe)

Dada yangu, ahadi ni ya anayeitoa. Aliyekuandikia kiasi hajui mmeuza nini mwezi huu. Nenda kwa mama wa bibi harusi mwenyewe, uso kwa uso, usiandike kwenye kundi la simu mbele ya watu mia. Mwambie: "Mama fulani, nilichonacho ni hiki, na siku ya shughuli nitakuja kwako alfajiri kumenya vitunguu na kukaanga." Kisha utimize. Ninavyojua majiko ya harusi zetu, mtu wa kukaa na sufuria kuanzia saa kumi na moja asubuhi ni adimu kuliko mwenye kadi ya dabo.

Kwa wanakamati niseme wazi, maana hili linaniuma. Kusoma majina ya wasiomaliza ahadi kwenye kundi, tena usiku, kunawafanya watu waanze kukwepana njiani. Harusi inapita kwa siku moja na mtaa unabaki. Na pakitokea msiba na harusi wiki moja, mchango wa msiba utangulie. Mwenye harusi muungwana atakuelewa.

Kombe la Dunia linaanza Juni. Mwanangu wa miaka 12 anataka kwenda kibanda umiza. Nimruhusu? (Baba, Mabatini)

Mashindano ni kuanzia 11 Juni hadi 19 Julai, Marekani, Kanada na Meksiko. Mchana wa kule ni usiku wa huku. Ile ya ufunguzi, Meksiko na Afrika Kusini, itapigwa saa nne usiku kwa saa zetu, fainali vilevile, na nyingine zitaangukia alfajiri. Kwa hiyo saa yenyewe inakujibu: asiende peke yake. Nenda naye mechi mbili tatu mnazozitamani, mkae karibu na mlango, na mkikuta chumba kimejaa na nyaya zinaning'inia juu ya vichwa, geuzeni.

Bora zaidi, wazazi wa mtaa mmoja watoe luninga moja uani, kila nyumba ichangie kidogo umeme na king'amuzi. Sauti iwe ya kuwatosha waliokaa. Mgonjwa na mwenye kichanga wa nyumba ya tatu nao ni wa mtaa huo.

Nane Nane pale Nyamhongolo, siku gani nzuri kwa familia? (Mama, Buzuruga)

Yoyote isipokuwa tarehe 8 yenyewe, ambayo mwaka huu ni Jumamosi na watu watafurika. Maonyesho huanza siku za mwanzo za Agosti. Nendeni katikati ya wiki, asubuhi, wakati wataalamu bado wana sauti na muda wa kujibu. Mwanao aulize mwenyewe sato wa kwenye vizimba analishwa nini na anauzwa akiwa na miezi mingapi. Watu wa pamba kutoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru nao msiwapite, maana mji huu ulikua kwa pamba na watoto wengi wa mjini hawajawahi kuishika ikiwa bado kwenye tumba lake. Andikeni namba ya simu kwenye mkono wa mdogo, kwa kalamu.

Sisi vijana tunataka kuwaandalia watoto wa mtaa bonanza la Siku ya Mtoto wa Afrika. Hatujawahi kuandaa kitu. Tuanzie wapi? (Kijana, Buhongwa)

Mdogo wangu, swali lako ndilo limenifurahisha kuliko yote. Siku hiyo ni 16 Juni, kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 wakidai elimu iliyo bora. Mwaka huu ni Jumanne, hivyo angalieni Jumamosi ya tarehe 13.

Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, mpeleke barua yenye tarehe, saa, uwanja na majina ya watu wazima wawili watakaowajibika. Kama ni uwanja wa shule, mwalimu mkuu naye aandikiwe. Halafu tafuteni maji. Ndoo zenye bomba ziwe tayari kabla hamjatafuta spika, pamoja na vyoo vya wasichana vinavyofungika, kivuli, na mama mmoja mwenye sanduku la huduma ya kwanza. Watoto wenye ulemavu wa mtaa wenu mnawafahamu kwa majina. Mfuateni kila mmoja nyumbani, muulize mzazi atacheza nini na atafikaje, kwa sababu tangazo la jumla huwa haliwafikii.

Na sasa ombi langu kubwa: msimsubiri mgeni rasmi. Nimewaona watoto wamepangwa mstari juani tangu saa tatu, nguo safi zimeloa jasho, mdogo mmoja amekaa chini anachora vumbi kwa kidole, kwa sababu gari la mtu mmoja halijafika. Mkitangaza saa tatu, filimbi ilie saa tatu. Mgeni akija ataukuta mchezo, ataketi na wazazi, na ataongea dakika tano wakati watoto wanakunywa uji.

Zawadi ziwe daftari na kalamu, kila mtoto apate, aliyeshinda na aliyeshindwa. Mwisho saa nane mchana, na kila mdogo wa chini ya miaka 7 akabidhiwe kwa mtu aliyemleta. Mkikwama kwenye barua ya mwenyekiti, nitumieni rasimu yenu niisome.