Mdogo wangu wa Muheza, usikimbilie bastola

Juzi kijana mmoja wa Muheza kaniandikia. Kafungua uwakala wa pesa za simu karibu na stendi, biashara inakwenda, ila jirani yake kavamiwa. Anauliza: "Dada, shikamoo. Nikiomba kibali cha bastola nitakuwa salama, au nitakuwa nimejitafutia balaa?"

Marahaba mdogo wangu. Swali hilo nimejibiwa na watu wengi bila mimi kuwauliza, tangu siku wezi walipoingia dukani kwangu.

Nina duka la jumla hapa Makorora, Tanga mjini, mchele, mafuta na sukari, na kaunta ya uwakala pembeni. Nilianzia genge la nyanya. Hakuna mwanamume aliyeniwekea mtaji, na wanaosema yupo wamtaje jina. Walikuja ikikaribia isha, nikihesabu fedha. Watatu, wenye mapanga. Yule wa mbele hata sauti hakupandisha. Alilaza panga juu ya daftari la madeni akasema, "Mama, fungua droo. Taratibu." Mikono yangu yote miwili ilikuwa na noti. Binti anayenisaidia alikuwa amechuchumaa nyuma ya magunia akipima sukari robo robo, na pale pale alipo akaganda na kijiko mkononi. Mpaka wanaondoka, muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara alikuwa hajageuza mayai yake.

Kesho yake nyumba ilijaa watu. Pole zilikuwepo, lakini lawama zilizidi. Kaka yangu mkubwa akasema mbele ya wageni kwamba ningekuwa na bastola wasingethubutu, na kwamba mwanamke akishika pesa nyingi lazima awe na mwanamume nyuma au chuma kiunoni. Pesa zile nimeshazirudisha. Maneno yale bado yananikereketa, na kaka, najua unasoma hapa.

Haya, tuseme ningekuwa nayo. Ningeiweka wapi? Kwenye droo ile ile niliyoamriwa kuifungua? Kiunoni, huku mikono imejaa noti na panga liko karibu na shingo yangu? Ukiifungia kwenye sefu, mpaka uifikie wezi wameshafika Chumbageni. Ukiiacha wazi, mwanao ataishika kabla ya mwizi. Saa ya kuja anaichagua mwizi. Wewe unakutwa tu.

Na silaha yenyewe inawindwa. Watu wa Tanga hatujasahau mwaka 2015, askari wa doria waliponyang'anywa bunduki mjini humu, kisha Februari yakaja mapambano ya vyombo vya usalama na watu wenye silaha kwenye mapango ya Amboni. Julai mwaka huo huo kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kikavamiwa, askari wakauawa na silaha zikabebwa. Hao walikuwa polisi, wamefunzwa, tena si mmoja. Wewe uko peke yako na kikokotoo.

Kaka hupenda kutaja Marekani, ambako kubeba silaha ni haki ya kikatiba tangu 1791. Sawa, twende huko. Mwaka 2018 watafiti wa Small Arms Survey, kule Geneva, walikadiria kwamba raia wa Marekani wana bunduki milioni 393, nyingi kuliko watu wenyewe. Kama bunduki ingeleta usalama, pale pangekuwa peponi. Mwaka 2021 risasi ziliua zaidi ya watu 48,000 nchini humo, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililoninyamazisha. Baada ya wizi nami nilipitia usiku mbaya, mdogo wangu, na namshukuru Mungu droo yangu ilikuwa na daftari na kalamu tu. Atakayenitajia Uswisi, kwenye bunduki tele na mauaji machache, akumbuke kwamba bunduki nyingi huko zilitoka jeshini pamoja na mafunzo, na tangu 2007 jeshi liliacha kuwapa askari wake walio wengi risasi za kuweka nyumbani.

Sisemi asimiliki mtu. Mkulima wa Kilindi anayeamkia shamba lililovurugwa na nguruwe ana hoja yake, na sheria yetu ya 2015 imeweka njia ya kuomba kibali. Ila vijana wengi wanaoniuliza habari za bastola wanatafuta heshima. Utamwona mtu barazani anajinyoosha makusudi ili shati lipande tuone alichochomeka. Heshima gani hiyo? Akija kugombana na mpangaji au mkewe, mkono utakwenda wapi? Vijana, mcheni Mungu na mpunguze sifa.

Mimi nilichofanya ni kutolala na keshi. Mchana napeleka benki, jioni nabaki na fedha kidogo ya kutolea, na adhana ya magharibi ikiadhiniwa nashusha shata. Wateja walinuna, wakazoea. Halafu usilale na keshi, narudia, hata kama kesho ni mwisho wa mwezi. Wenye maduka ya mstari wetu tunachangia walinzi, kila duka lina filimbi, na mtaa unajua filimbi ikilia nani atoke mlango gani. Tangu hapo hawajarudi, na duka nimelipanua.

Wewe anza na jirani yako aliyevamiwa. Nendeni wote wawili ofisi ya serikali ya mtaa, muulizeni mwenyekiti kama ulinzi shirikishi wa hapo stendi bado upo na unaishia saa ngapi. Akisema ulikufa kwa kukosa michango, uliza ilikuwa shilingi ngapi kwa duka, kisha ulinganishe na bei ya bastola uliyotajiwa.