Kaa koko: dema, wavu wa duara au mtego wa kukunja?

SWALI: Habari za kazi. Wikiendi huwa naenda na wanangu wawili kwenye mikoko ya Kunduchi, sasa tunataka tuanze kuvua kaa koko, wale kaa wa mikokoni, sio biashara, ni kujifurahisha na kupata supu tu. Dukani nimeona mitego ya kukunja, jirani anasema ninunue dema, ule mtego wa kusukwa kwa fito, mwingine anasema wavu wa duara unatosha. Nichukue ipi?
Mama wa wawili, Mbezi Beach

JIBU: Dada, kwanza niambie, utakaa na mtego wako hapo hapo au utauacha uende nyumbani? Dema ni la mtu mwenye ngalawa, analitega jioni analirudia asubuhi, kaa akishaingia kutoka ni shida. Wewe uko na watoto masaa mawili matatu, chukua nyavu za duara, mbili zinatosha kabisa. Unafunga chambo katikati ya wavu, ukifika chini unalala bapa, kaa anapanda anakula, baada ya dakika kumi hivi unavuta kwa nguvu bila kusita maana hauna mlango, ukisita tu kashaondoka. Watoto wanapenda sana hiyo ya kuvuta vuta!

Ule wa kukunja sio mbaya, unaingia kwenye buti ya gari, ila angalia nyuzi zake, kaa koko ana magando makali na nailoni nyembamba anaikata. Na ukiununua nakuomba sana mlango wake ufunge kwa kamba ya katani, usifunge kwa nailoni, kwa sababu mtego ukipotea majini katani itaoza mlango ufunguke, la sivyo utaendelea kuua kaa na samaki miezi na miezi bila mtu kula. Hili linaniuma, nimeshaokota mitego ya hivo imejaa magamba matupu.

Kamba ndio watu wengi wanakosea. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapa Dar yanapanda mita 3 na zaidi, sasa ukipima kamba maji yakiwa yamekupwa, yakijaa boya linazama na mtego huuoni tena, kwa hiyo weka kamba ndefu, boya dumu la lita 5 linatosha. Chambo ni vichwa vya samaki vya soko la Feri, vibichi sio vilivyooza, au utumbo wa kuku. Tega maji yakianza kujaa, jioni ndio nzuri zaidi.

Ukimpata kaa mgeuze, mwenye mfuniko mpana wa mviringo tumboni ni jike, akiwa na mayai mrudishe hapo hapo. Kisha bonyeza gamba la chini, likibonyea huyo katoka kujivua gamba juzi juzi, ndani ni maji matupu, naye mwachie. Umshike kwa nyuma, na glovu nene, watoto wasiguse mpaka umemfunga magando.

Na wavae viatu vya kamba, ndala zinabaki kwenye matope.