Baa Ngapi? Jibu kwa Kijana Anayeingia Zimamoto

Juzi usiku, katikati ya zamu, nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja anayenisoma hapa. Amepata nafasi ya kuanza mafunzo ya zimamoto na uokoaji. Anakimbia vizuri, anabeba uzito, haogopi kupanda juu. Kisha akaandika: "Tatizo langu ni moja tu, kaka. Mimi si mtu wa watu. Nimekuja kuokoa maisha, sijaja kutafuta marafiki. Hilo litanikwamisha?"

Litakukwamisha, mdogo wangu. Ningeweza kuishia hapo, lakini mimi mwenyewe niliambiwa hivyohivyo nilipoanza na halikuniingia. Leo ni mwaka wangu wa 14 kazini, ninaongoza zamu, na kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika popote. Nitakuandikia wewe.

Nilipoingia kikosini nilikuwa wa kwanza katika karibu kila zoezi. Kuvuta mpira wa maji, kupanda ngazi, kumbeba mtu mzima begani, hakuna aliyenipita. Nilijivuna, sina sababu ya kuficha. Kilichonichosha ni asubuhi. Zamu mpya inapopokea kazi, kila mtu anakagua vifaa: mtungi wa hewa umejaa kiasi gani, barakoa inakaa sawasawa usoni, redio ina chaji, kila kitu cha gari kipo mahali pake. Tukimaliza, mzee wa zamu anatupanga wawiliwawili tukaguane upya. Mwenzangu alikuwa mtu wa maneno machache, amenizidi miaka sita kazini. Kila siku alipitisha mkono kwenye mikanda yangu, akafungua valvu, akatazama geji, akauliza, "Baa ngapi?" Nami namjibu nikiwa nimekunja uso, "Si unaiona mwenyewe?" Nilidhani ananidharau. Nilidhani anataka kunionyesha kwamba mimi ni mgeni.

Ngoja nieleze hizo baa, maana ndizo msingi wa habari yote. Baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa ndani ya mtungi, na geji ndiyo inayoisoma. Mtungi wa lita 6 ukijazwa hadi baa 300 unabeba karibu lita 1,800 za hewa. Mtu anayefanya kazi ya wastani anatumia kama lita 40 kwa dakika, kwa hiyo kwenye karatasi una dakika 45. Karatasi haijawahi kupanda ngazi na mpira uliojaa maji, mwilini kilo 20 na zaidi za mavazi na vifaa, gizani, moyo ukidunda. Hapo unavuta lita 60 na kupita, na nusu saa huimalizi. Filimbi ya mtungi hulia geji inapofika karibu baa 55, lakini filimbi si saa ya kuanza kutoka. Ikilia, unatakiwa uwe umeshatoka au uko mlangoni. Nje yuko mtu mwenye ubao, ameandika jina lako, saa uliyoingia na baa zako. Kila unapotaja namba kwenye redio anaiandika na kupiga hesabu ya muda uliobaki. Pembeni yake kuna wawili waliovaa tayari, kazi yao ni kukufuata wewe ukipotea. Watu wote hao wanategemea namba inayotoka mdomoni mwako.

Usiku ninaousema tuliitwa kwenye nyumba ya ghorofa moja. Moshi ulikuwa umejaa juu, na majirani walisema huenda kuna mtu ndani. Niliingia na mwenzangu yule. Ndani huoni hata kiganja chako. Mkono mmoja unapapasa ukuta, mwingine uko kwenye mpira, kwa sababu mpira ndiyo njia ya kurudi, na mwenzako unamjua kwa kumgusa kiatu au bega. Tulipekua vyumba viwili, hamna mtu. Kikabaki cha mwisho. Mwenzangu akauliza, "Baa ngapi?"

Geji yangu ilisoma 70. Nikajibu, "Mia na ishirini."

Nilidanganya. Nilitaka kufika chumba kile, nilitaka niwe mimi niliyemtoa mtu. Baa 120 ni kama lita 720, dakika 12 kwa mtu anayepumua vibaya. Baa 70 ni lita 420, dakika 7, nasi tulikuwa tumetumia dakika kadhaa kufika pale tulipokuwa. Namba yangu ilikwenda hewani, mwenye ubao akaiandika, wale wawili wa nje wakatulia kwa sababu yangu.

Mwenzangu hakusogea. Nilisikia pumzi zake zikienda polepole, kisha akanishika mkanda na kunigeuza. "Tunatoka." Nikabisha. Akanivuta. Filimbi yangu ililia tukiwa kwenye ngazi. Timu ya pili iliingia, ikapekua chumba cha mwisho na kukikuta kitupu. Aliyedhaniwa yuko ndani alikuwa amelala kwa ndugu yake.

Hakuna aliyeumia usiku ule, na huenda ndiyo sababu hakuna aliyeniuliza chochote. Tulipokuwa tunakunja mipira uani, mwenzangu akasogea karibu. Nilimuuliza alijuaje. Akasema, "Miezi minane nakusikiliza ukipumua. Ukiwa na mia na ishirini hupumui hivyo." Halafu akaongeza, "Usinidanganye tena hewa." Hakunisemea kwa mzee wa zamu. Asubuhi ya zamu iliyofuata alipitisha mkono kwenye mikanda yangu kama siku zote na kuuliza baa ngapi, nami kwa mara ya kwanza nikamjibu kwa heshima.

Ndiyo maana nasema litakukwamisha, mdogo wangu. Yule mtu aliniokoa kwa miezi minane ya asubuhi za kuchosha, za kufua mavazi, kuosha gari, kukaa benchi moja. Alikuwa amejifunza pumzi zangu wakati mimi najifunza kumkwepa. Undugu wa kituoni watu wanausimulia kana kwamba unazaliwa motoni. Kwa niliyoyaona mimi, ukifika motoni bila huo undugu, umechelewa.

Tangu hapo swali lile likawa letu. Kwa Kiswahili baa ni janga pia, na nadhani neno limekaa mahali pake. Zamu yetu ikaanza kulitumia hata tukiwa tumevua mitungi. Mtu akirudi kutoka tukio baya, au akiwa na mgonjwa nyumbani, au hajalala siku mbili, anaulizwa: "Baa ngapi?" Jibu ni namba. "Niko sawa" halikubaliki.

Niliamini nimeshajifunza. Miaka michache baadaye nikadanganya tena.

Ilikuwa ajali ya barabarani. Tulikata bati tukamtoa baba mmoja, moyo wake umesimama. Tulishirikiana na wahudumu wa ambulensi kumkandamiza kifua: mikandamizo 30, pumzi 2, mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Mhudumu mmoja, dada mwenye sauti ya chini, alihesabu kwa sauti na kila dakika 2 akasema, "Badilisheni." Mara moja nikagoma, nikasema bado nina nguvu. Akanisukuma bega. Baadaye alinieleza kile ambacho mafunzo hukisema na mtu hukisahau: anayekandamiza huchoka na kina kinapungua kabla yeye mwenyewe hajahisi. Wa pembeni ndiye anayeona.

Yule baba hakurudi. Mtoto wake wa kama miaka kumi alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, amefunikwa blanketi letu, akitutazama muda wote.

Garini dereva wetu hakuwasha kitu. Tulirudi kimya. Mwenzangu akauliza swali letu, nami nikajibu, "Mia mbili." Nilikwenda nyumbani nikapata usingizi wa saa mbili tu. Usiku wa pili, wa saa moja. Wiki ya tatu nilikuwa nashtuka kila nikisikia mtoto akiita "baba", hata mitaani. Ofisini kwetu ilikuja fomu ya tukio. Iliuliza tumetumia vifaa gani, dakika ngapi, mafuta kiasi gani. Niliigeuza nyuma nikitafuta mahali pa kuandika kuhusu sisi. Hapakuwepo. Nilipomgusia mkubwa wangu wa wakati ule alisema, "Kazi hii si ya watu laini." Miaka imepita, na sentensi hiyo bado ninaisikia. Nilikuwa nimetoka kumkandamiza kifua mtu dakika arobaini mbele ya mwanawe, nikaitwa laini.

Aliyenitoa ni yuleyule. Alinikuta nyuma ya gari nakagua kifaa kimoja kwa mara ya tatu. Hakunihubiria. "Baa ngapi, kweli?" Nikasema hamsini. Akasema, "Basi filimbi imeshalia," akaniombea ruhusa na kunisindikiza kwa mshauri wa afya ya akili. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka nikatoka.

Hapa nitakuwa mkali kidogo, na wakubwa wanaonisoma wanisamehe. Kumzungusha mtu kwenye duara na kumlazimisha asimulie tukio lote siku hiyohiyo si dawa. Utafiti umeonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo, kinachofanywa mapema, hakimkingi mtu na maumivu ya baadaye. Kinachosaidia ni mwenzako anayekujua, anayekuuliza leo, kesho na wiki ijayo, na njia iliyo wazi ya kufika kwa mtaalamu. Kwa hiyo, wewe mgeni, usiwe wa kuuliza mara moja na kuona umetimiza wajibu. Uliza tena.

Sema namba yako ya kweli. Najua nimeshasema, nasema tena kwa sababu vijana hufanya nilivyofanya mimi: wanakubali kwa kichwa, halafu mlangoni mwa chumba cha mwisho wanaongeza hamsini.

Jambo jingine ni usafi, na hapa tulipotea sisi wa zamani. Kofia iliyopakwa masizi ilikuwa fahari. Mwenye mavazi meusi zaidi ndiye aliyeonekana shujaa. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Siku hizi kwenye zamu yangu hakuna anayepanda gari kabla ya kuoshwa. Mmoja anashika brashi na maji, mwingine anasimama mikono juu, barakoa ikiwa bado usoni. Mgongo huwezi kujisugua mwenyewe. Usione aibu kusimama, usione uvivu kusugua.

Fika mapema kabla ya makabidhiano. Kaa na watu hata kama huongei. Mwenzangu haongei mpaka leo. Tarehe 4 Mei, Siku ya Kimataifa ya Wazimamoto, simama na wenzako mwakumbuke waliotangulia. Siku hiyo ilianzishwa baada ya vifo vya watu 5 wa kujitolea waliokuwa kwenye gari moja, huko Linton, Australia, tarehe 2 Desemba 1998, upepo ulipogeuka na moto wa msituni ukawafunika. Kila mwaka huwa nawafikiria wale watano wakiwa ndani ya gari lile, na hunijia kwamba asubuhi ya siku ile nao lazima walikagua vifaa.

Kilichonifanya nikujibu kwa urefu huu kilitokea mwezi uliopita. Zamu yangu ilipata kijana mgeni, mwenye nguvu kama nilivyokuwa mimi, asiyependa kuulizwaulizwa. Nilimfundisha mwenyewe. Tuliitwa kwenye moto wa ghala, kukiwa na taarifa za mlinzi aliyekwama ndani. Safari hii nilikuwa nje, nimeshika ubao. Kijana na mwenzake wakaingia. Nikaita namba. Sauti yake ikaja kwenye redio, inatetemeka: "Afande, baa mia na kumi. Tunasikia mtu akigonga. Hatumfikii kwa hewa hii. Yuko nyuma ya rafu, ukuta wa kulia. Tunatoka."

Nilijua kilichokuwa kinamgharimu kusema hivyo, mlio wa kugonga ukiwa masikioni mwake. Niliandika 110. Timu ya pili ikaingia na mitungi iliyojaa, ikafuata mpira, ikafuata ukuta wa kulia, ikamkuta mlinzi nyuma ya rafu. Alitoka akikohoa, akapokewa na watu wa ambulensi akiwa anaongea.

Kijana wangu hakuona hayo. Alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa gari, barakoa imening'inia shingoni, analia, anaamini amemwacha mtu afe. Mwenzangu wa miaka yote hii, ambaye yuko zamu yetu bado, alitangulia kumfikia kabla yangu. Akachuchumaa, akamwambia mlinzi yuko hai. Akasubiri kidogo mpaka kilio kipungue, kisha akamuuliza baa ngapi.

"Arobaini," kijana akasema.

Akamshika mkono, akamwinua, wakaenda kuoshana.