Si lazima kujifungua ukiwa umelala chali

Dada uliyeuliza kutoka Masasi kama ni ruhusa kujifungua kwa kuchuchumaa, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba mama asiyechomwa ganzi ya mgongoni ahimizwe kuchagua mkao anaoutaka, ikiwemo mikao ya wima. Mimi niko Newala. Mtoto wa kwanza nilimzaa nikiwa chali, na wa pili nikiwa nimepiga magoti huku nimeshika ukingo wa kitanda, na katika mkao huo maumivu ya kiuno yalipungua mno, nikawa najua mwenyewe wakati wa kusukuma. Mama mkwe wangu, ambaye enzi zake alizaa akiwa amechuchumaa huku akishikiliwa mgongoni na somo yake, hakushangaa hata kidogo. Mikao ya wima hupunguza uwezekano wa kuongezewa njia, yaani kukatwa kidogo ukeni ili mtoto apite, ingawa damu inaweza kutoka nyingi zaidi, kwa hiyo usifanye hivyo nyumbani bila mkunga. Ukichoka, lala ubavu, maana huo nao ni mkao wa kuzalia, japo wengi huusahau. Zungumza na mkunga mapema ukiwa kliniki, usisubiri mpaka uchungu uchanganye.