Nani kaizima jeni hiyo? Kwa wanaoanza kuchunguza bakteria wa ndani ya seli

Ukipata kwa mara ya kwanza orodha ya jeni zilizopanda na zilizoshuka katika seli ulizoziambukiza, utatamani kumpigia msimamizi wako simu hapo hapo. Ngoja kwanza. Sehemu kubwa ya orodha hiyo haikuletwa na ujanja wa bakteria. Ni seli inayojihami: vipokezi vyake vimenusa lipopolisakaridi au flajelini (vipande vya mwili wa bakteria), NF-κB, protini inayowasha jeni za kinga, imeingia kwenye kiini, na jeni za saitokaini, protini za kupiga kengele ya hatari, zimewaka. Bakteria waliouawa kwa joto nao watakupa sehemu nzuri ya orodha hiyo hiyo, na maiti hatawali jeni za mtu.

Kwa hiyo, kabla ya kusema bakteria fulani hubadilisha utendaji wa jeni za mwenyeji wake, onyesha ni protini ipi iliyofanya kazi hiyo. Andaa sahani ya seli zisizoambukizwa, ya bakteria waliouawa, ya bakteria hai, na ya bakteria hai waliong'olewa jeni unayoishuku. Kisha irudishe jeni hiyo kwa plazimidi (kiduara kidogo cha DNA cha kubebea jeni) uone kama athari nayo inarudi. Wengi huiruka hatua hii ya mwisho, na wakaguzi wa makala huwakamata hapo hapo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni OspF, protini ya bakteria Shigella flexneri, ambayo kazi yake kwenye kromatini (DNA pamoja na protini inazozungushwa) ilielezwa mwaka 2007. Bakteria huidunga protini hii ndani ya seli, nayo hufika hadi kwenye kiini. Huko hukutana na ERK na p38, vimeng'enya ambavyo huwashwa kwa kubandikwa fosfeti. Seli yenyewe ikiibandua fosfeti hiyo, inaweza kuibandika tena baadaye. OspF haitoi nafasi hiyo: huinyofoa fosfeti pamoja na oksijeni ya threonini (asidi amino ya kimeng'enya) iliyoishikilia, hivyo hapabaki pa kubandika. Basi serini ya 10 ya histoni H3, mojawapo ya protini ambazo DNA huzungushwa, haipati fosfeti penye jeni kama IL8 (inayotoa wito kwa neutrofili, chembe nyeupe za damu), kromatini ya hapo inabaki imejifunga, na NF-κB inakosa pa kushika ingawa imeshaingia kwenye kiini. Wito wa kuwaita neutrofili unafifia. Mfuatano wa DNA haukuguswa hata kidogo, na jeni nyingine nyingi zinaendelea na kazi zake. Ndiyo maana nasema huu ni ustadi, si uharibifu tu.

Wako wengine. RomA ya Legionella pneumophila hubandika methili, alama ndogo ya kikemikali, kwenye lisini ya 14 ya H3, mahali ambapo alama nyingine, asetili, hukaa jeni inapowaka. AnkA ya Anaplasma phagocytophilum hushika DNA na kuizima CYBB, jeni ambayo neutrofili huitegemea kuzalisha sumu za oksijeni. Listeria ana njia ya pembeni: protini yake InlB huamsha kipokezi cha Met kwenye utando wa nje, kisha SIRT2, kimeng'enya ambacho ni mali ya seli yenyewe, hukimbilia kwenye kiini na kuondoa asetili kwenye lisini ya 18 ya H3. Ukitafuta tu protini za bakteria zinazoingia kwenye kiini, huyu atakupita.

Sasa hesabu, ambayo wengi huikwepa. Ukiweka bakteria mmoja kwa kila seli, hata wakiingia wote, karibu asilimia 37 ya seli zitabaki tupu, asilimia 37 nyingine zitapata mmoja, na zilizosalia wawili au zaidi. Na kwa kawaida hawaingii wote. Ukivunja seli za sahani nzima na kutoa RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi), unapima mseto wa seli zilizoambukizwa na majirani wanaosikia saitokaini tu. Jeni iliyozimwa kabisa ndani ya zilizoambukizwa inaweza kuonekana haijabadilika, kumbe majirani wameiwasha na kuficha kila kitu. Tumia bakteria wanaong'aa kijani, zitenganishe seli kwa mashine ya kuchambua seli, kisha pima kila kundi peke yake: zilizoambukizwa na majirani. Ni ghali, najua. Jentamaisini ya kuwaua waliobaki nje iwekwe pia kwenye sahani zisizoambukizwa, la sivyo utalinganisha dawa badala ya maambukizi.

Usiishie kwenye mRNA, nakala ya jeni ambayo seli huisoma ili itengeneze protini. Legionella huingiza protini kadhaa zinazozuia seli kutengeneza protini. Lgt1, kwa mfano, hubandika glukosi kwenye eEF1A, protini ambayo seli huihitaji katika kutengeneza protini. IκB, breki ya NF-κB, haitengenezwi upya, kwa hiyo mRNA za saitokaini hupanda sana huku protini nyingi zikikwama. Anayesoma mRNA peke yake ataripoti seli yenye ghadhabu, wakati kwenye maji ya sahani hakuna kikubwa.

Ukitaka kupima jeni za pande zote mbili kwa pamoja, usichuje RNA kwa mkia wa A (msururu wa herufi A mwishoni mwa mRNA), maana mRNA za bakteria hazina mkia mrefu kama za seli zetu na zitamwagika zote. Ondoa rRNA (RNA za ribosomu, ambazo ndizo nyingi kuliko zote) za seli na za bakteria badala yake. Na kabla ya yote hayo, pima seli zako kama zina mikoplazma, bakteria wadogo mno wanaoingia kwenye seli za maabara bila kujulikana. Hawaonekani kwa darubini ya kawaida, hawayachafui maji ya sahani, na wao wenyewe hubadilisha jeni za seli kabla hujaweka bakteria wako.